Pampu kabla ya vifaranga: hesabu ya samaki wa uani

Kariakoo ya nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku na ua nyuma, inaelekea kwisha. Viwanja vimemezwa na maghorofa, na ua umekwenda navyo. Anayetaka kufuga samaki nyumbani siku hizi yuko Tabata, Mbagala, Goba au ng'ambo ya Kigamboni. Ila pesa yake bado inapita Kariakoo. Turubai, tenki la plastiki, mabomba, gundi, koki na pampu ya hewa, vyote huvipata bila kupanda daladala nyingine, kuanzia Mtaa wa Msimbazi mpaka Gerezani.

Kaunta ya pampu ina utaratibu wake. "Kaka, nina tenki la lita elfu tano, nipe pampu ya kulitosha." Muuzaji anashusha boksi, anachomeka waya, anatumbukiza mpira kwenye ndoo. Maji yanatokota mapovu. "Hii mashine, bosi." Wanavutana bei kidogo, risiti inaandikwa. Hakuna aliyeuliza tenki litakuwa na kilo ngapi za samaki mwezi wa sita, wala umeme ukikatika saa nane usiku itakuwaje. Semina za ufugaji huanza na bei ya vifaranga na ya chakula. Mimi ningeanza na maswali hayo mawili, maana ndiyo yanayoamua kama mtaji utarudi.

Tuchukue hilohilo tenki la lita 5,000. Maji ya Dar es Salaam yakiwa na nyuzi joto 30 hushika takriban miligramu 7.5 za oksijeni kwa lita. Yangekuwa na nyuzi 20, yangeshika zaidi ya 9. Sato huanza kutaabika oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3. Kwa hiyo akiba inayotumika katika tenki zima ni gramu 22 hivi. Kilo moja ya sato waliokwisha kula huvuta miligramu 200 hadi 300 kwa saa. Ukiwa na kilo 20 za samaki, pampu ikizimika una saa nne, pengine chini ya hapo, kwa sababu mwani na bakteria nao wanapumua. Ukiwa na kilo 100, kiasi ambacho wauza vifaranga hukisifia bila kusita, akiba yako haipiti saa moja.

Tena hiyo ni akiba ya maji yaliyojaa oksijeni, na usiku hayajai. Maji ya kijani hutengeneza oksijeni mchana kwa jua, kisha jua likizama mwani unageuka mlaji. Kiwango kinashuka mpaka alfajiri, ndipo mwenye mradi anapoamka kwenda kuswali akakuta samaki wamepandisha midomo juu, wanahema. Wengine hudhani ni njaa na kuwamwagia chakula. Hapo wameongeza tatizo, kwani chakula kinachobaki huoza, na bakteria wanaovunja amonia ni walaji wakubwa wa oksijeni kuliko wengi wanavyodhani: gramu moja ya nitrojeni ya amonia inawagharimu zaidi ya gramu nne za oksijeni.

Mapovu yenyewe yanadanganya. Katika tenki lenye kina cha mita moja, oksijeni inayoyeyuka ni asilimia chache tu ya ile iliyopulizwa. Nyingine yote inapasuka juu na kurudi hewani. Mapovu madogo yanayotoka chini kabisa yana faida kuliko makubwa yenye kelele, na jiwe la hewa lililoziba kwa utando linapunguza kazi huku mita ikizunguka vilevile. Pampu nayo ikae juu ya usawa wa maji, au iwekewe vali ya kuzuia maji yasirudi. Vinginevyo umeme ukikatika, maji hupanda mpira na kuingia kwenye mashine.

Tukija kwenye umeme wa LUKU, pampu ya wati 60 inayofanya kazi saa 24 inakula uniti 1.44 kwa siku, kama 43 kwa mwezi. Kwa bei ya kundi la T1, la watumiaji wa kawaida, iliyopangwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, mwaka 2016, shilingi 292 kwa uniti, hiyo ni karibu shilingi 12,600 kabla ya kodi na tozo. Si pesa ya kumtisha mtu. Anayeumia ni yule wa kundi la uniti 75 za bei nafuu kwa mwezi: uniti 43 za pampu zinamsukuma nje ya kikomo, na kila uniti inayozidi ilipangiwa shilingi 350. Gharama hiyo siioni katika michanganuo inayogawiwa kwa wafugaji wapya.

Kikubwa ni akiba ya umeme. Mgao wa mwishoni mwa 2023 uliwakumbusha watu hilo kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuzalisha Februari 2024. Mgao umepungua, lakini nguzo inaweza kuanguka na transfoma inaweza kuungua mtaani kwako peke yako, na samaki hawajui tofauti. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inabeba pampu ya wati 60 kwa saa nane hivi kupitia inveta. Pampu inayotumia moja kwa moja umeme wa betri haipotezi chochote kwenye inveta, na kwa tenki la uani ndiyo ningeinunua kwanza.

Kuna wanaokwepa mzigo wote huu kwa kufuga kambale. Yeye ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, na hustahimili maji yatakayomuua sato. Tatizo linahamia sokoni. Wasabato hawali samaki asiye na magamba, wala Waislamu wa Shia Ithnaasheri wenye maduka na makazi Kisutu na Upanga. Mpwani wa kawaida, aliyezoea changu na kibua wa Feri, humtazama kambale kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo unachookoa kwenye umeme unaweza kukirudisha kwa mnunuzi kwa njia ya punguzo. Mwenye wateja wake wa uhakika, sawa, afuge. Asiye nao asimwage vifaranga kwanza ndipo atafute soko.

Kwa anayeng'ang'ania sato bila betri kubwa, njia iliyobaki ni kupunguza kilo. Samaki hawakui kwa kulingana; kufikia mwezi wa tano kuna waliotangulia na wadogo walionyimwa nafasi. Wanaovuna kwa awamu huwatoa wakubwa kwanza, kilo chache kila wiki, na kuwauzia majirani na mama lishe, ambao hata hivyo hawana pa kuweka kilo 100 kwa siku moja.