Harusi Moshi: kreti ngapi za bia zinatosha?

Wadau, msimu unakaribia. Desemba ikifika, Wachaga wote wanapanda nyumbani kutoka Dar, Arusha, Mwanza na kwingineko, na kila Jumamosi Moshi inakuwa na misafara ya harusi inapishana barabarani, matarumbeta juu ya pikapu. Na nyie vijana mnaojua kutumia kompyuta ndo mnaopewa kazi kwenye kamati: "Wewe si unajua Excel? Basi utakuwa katibu wa vinywaji." Hapo ndipo balaa linapoanzia, maana vinywaji ni moja ya mafungu mazito kabisa kwenye bajeti ya harusi ya Kitanzania, na pia ndilo fungu linalokadiriwa ovyo kuliko yote.

Mi nimekaa kwenye kamati kadhaa, mjini na huko juu Marangu na Kibosho, mara nyingi nikiwa upande wa vinywaji. Mambo ni yale yale. Kikao kinafika kwenye kipengele cha bia, mzee mmoja anasafisha koo anasema, "Weka kreti moja kila meza, tusije tukaaibika." Wote wanaitikia, mwenyekiti anaandika, mnahamia kwenye keki. Dakika mbili tu, mamilioni ya watu yameshapangiwa matumizi.

Hebu tuifanyie hesabu hiyo kauli. Mmegawa kadi 150, kati ya hizo 90 ni dabo na 60 ni singo. Hao ni watu 240, meza 24 za watu kumi kumi. Kreti moja kila meza ni kreti 24. Kama kreti ni ile ya chupa 25, umenunua bia 600. Sasa tuliza akili ujiulize: ni nani atakayezinywa?

Kwanza, waalikwa 240 hawaji wote. Kuna wagonjwa, kuna wenye harusi nyingine siku hiyo hiyo (Desemba hilo ni kawaida), kuna waliochukua kadi kwa aibu tu kwa sababu walichanga. Mi huwa napiga asilimia 85 kwa harusi ya mjini, yaani watu 204. Ukiwa na orodha ya waliothibitisha kwenye kundi la WhatsApp, tumia hiyo, ni bora kuliko asilimia yangu.

Pili, na hapa ndo pa kukazia, hao 204 sio wanywaji wote. Chukua orodha ya kadi, keti na mtu mmoja wa upande wa bwana harusi na mmoja wa upande wa bibi harusi, mshike kalamu. Jina kwa jina. Huyu ni bia, huyu soda, huyu waini, huyu Konyagi. Walokole, Wasabato, ndugu Waislamu, wajawazito, watoto, mashangazi walioacha pombe: wote soda. Inachukua kama saa moja na nusu na inaleta umbea mwingi sana, lakini hakuna njia nyingine ya kupata namba ya kweli. Harusi mbili zenye kadi sawa zinaweza kutofautiana mara mbili kwenye bia, kwa sababu moja ni ya mwimbaji wa kwaya na nyingine ni ya mtoto wa mwenye baa.

Tuseme baada ya kalamu mmepata wanywaji 104, na 100 ni wa soda. Kati ya wale 104, wa bia ni 70, waini 20, Konyagi 14.

Sasa saa. Kadi inasema saa 12 jioni, maharusi wanaingia saa 2 usiku, ukumbi unafungwa saa 6. Katikati kuna utambulisho, keki, ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma, na harusi ya Kichaga bila ndafu watu watauliza), zawadi, chakula. Kanuni yangu ni bia moja kwa saa kwa mnywaji, kuanzia maharusi wanapoingia. Wapo watakaokunywa saba, lakini wapo watakaoshika moja usiku kucha huku wakicheza. Kwa saa nne hizo, 70 mara 4 ni bia 280. Ongeza asilimia 10 ya tahadhari, unapata 308.

Linganisha 308 na zile 600 za mzee.

Kuhusu kreti, angalizo. Fanya hesabu kwa chupa kwanza, kreti baadaye. Kreti hazifanani, kuna za matundu 20 na za matundu 25, kutegemea kampuni na ukubwa wa chupa. Bia 308 ni kreti 13 za matundu 25, au 16 za matundu 20. Ukiagiza "kreti 13" kwenye simu bila kuuliza, unaweza kujikuta una bia 260 na usiku bado mbichi. Za soda huwa na chupa 24.

Waini ni rahisi. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi 5 za kawaida. Watu 20, glasi tatu tatu, ni glasi 60, chupa 12. Konyagi kubwa ya mililita 750 inatoa vipimo 25 vya mililita 30. Watu 14 kwa vipimo sita kila mmoja ni 84, sawa na chupa 4. Shampeni ya kufungulia, chupa moja kwa meza ya watu kumi inampa kila mtu mililita 75, inatosha kabisa kugonganisha glasi. Meza za walokole wawekee ile isiyo na kilevi, na uwaambie wahudumu mapema ni meza zipi.

Soda na maji ndo kamati nyingi zinabana, wakati ndivyo vitu vya bei nafuu kuliko vyote. Wasiokunywa 100, pamoja na MC, DJ, wapiga picha, madereva na wahudumu (hawa huwa wanasahaulika kabisa, weka 16), soda mbili mbili ni 232. Ongeza 30 za kuchanganyia Konyagi, 262, kreti 11. Maji weka chupa moja na nusu ya nusu lita kwa kila kichwa: watu 220, chupa 330. Soda za Coca-Cola na maji ya Kilimanjaro vinatengenezwa hapa hapa Moshi na Bonite, kwa hiyo hakuna sababu ya harusi ya Moshi kuishiwa maji.

Sasa kwa nini kamati hazifanyi hesabu hii ndogo? Watu watasema ni uoga wa aibu, na ni kweli. Bia ikiisha saa 4 usiku, utasikia habari zake hadi mtoto wa kwanza anabatizwa. Lakini kuna sababu nyingine ambayo hatuisemi kwenye vikao. Baada ya harusi kuna kuvunja kamati. Mnakutana, mnasoma mapato na matumizi, mnakunywa kilichobaki. Yaani wanaokadiria bia ndio hao hao watakaokunywa masalio! Sisemi watu ni wezi. Nasema tu hakuna mtu kwenye kile kikao anayeumia bia zikizidi. Anayeumia ni bwana harusi, maana kamati ilinunua kwa kuhesabu ahadi, na ahadi nyingine hazilipwi. Jumatatu wakala anampigia yeye, sio mwenyekiti. Nimeshuhudia wanandoa wanaanza maisha na deni la vinywaji vya watu wengine. Kwa hiyo agizeni kwa fedha iliyo mkononi, ahadi ziacheni kwenye daftari.

Dawa ya uoga ni wakala, kreti za ziada haziiponyi. Tafuta duka la jumla linalokubali kurudishiwa kreti ambazo hazijafunguliwa, na mwandikishane: tarehe ya mwisho ya kurudisha, na bei ya chupa au kreti itakayopotea. Mwambie pia akuwekee kreti tatu nne pembeni, na akupe namba ya mtu wa zamu mpaka saa 5 usiku. Desemba mawakala wengi hawataki habari za kurudishiwa kwa sababu bia inatoka yenyewe, kwa hiyo nenda mapema, Oktoba hivi.

Halafu ukumbini, kreti zisikae chini ya meza. Zikikaa pale, mtu anafungua ya tatu wakati ya pili ina nusu, wengine wanazificha miguuni "za baadaye", na mwisho wa usiku mikoba inaondoka mizito. Weka stoo yenye mlango mmoja, mtu mmoja mwenye daftari, wahudumu wachukue kwa kuandikisha, na chupa ifunguliwe mbele ya anayekunywa. Mtu wa stoo asiwe mnywaji. Hili halina mjadala.

Hayo yote ni ya mjini. Ukipanda juu, Machame, Kibosho, Old Moshi, Marangu, Rombo, kama sherehe ni nyumbani chini ya turubai, futa hesabu ya kadi. Huko jirani haalikwi, anakuja tu, na ndivyo inavyotakiwa. Kinachobeba sherehe ni mbege, na bia ni nyongeza. Kwa watu 300, mi nachukulia nusu wanakunywa mbege, lita mbili mbili. Hizo ni lita 300, yaani madebe 15 ya lita 20. Bia hapo weka za wazee, wakwe na wageni wa mjini.

Ila mbege ina sheria zake. Hairudishwi kwa wakala na haikai. Leo tamu, keshokutwa imechachuka. Na haiagizwi leo kwa kesho: ndizi mbivu zinapikwa na kuachwa siku kadhaa zichachuke, ulezi unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa, unapikwa uji, ndipo vinachanganywa, na gome la msesewe linatumika kuleta ule uchungu. Kwa hiyo mama wa mbege aambiwe zaidi ya wiki moja kabla, na apewe fedha ya ndizi na ulezi mkononi. Wenye uzoefu wa Rombo mniongezee, najua huko watu hawachezi na mbege.

Tahadhari ya huku juu naipandisha hadi asilimia 20 kwa bia na soda, kwa sababu ukiishiwa saa 3 usiku huna pa kukimbilia, na kipindi cha masika, Machi hadi Mei, pikapu inaweza kukwama kwenye tope. Barafu lakini punguza. Baridi ya Juni na Julai kule wazee wengi wanataka bia ya moto, si mnajua swali la kila baa Tanzania: ya moto au ya baridi? Ukigandisha zote unapoteza hela ya barafu na mzee anakununia.

Gongo isikanyage hata kama ni zawadi ya mjomba. Ni kinyume cha sheria, na hujui kilichomo. Viroba navyo vilipigwa marufuku tangu Machi 1, 2017, mtu akikuletea mzigo wa "bei poa" usipokee.

Kuna hesabu nyingine ya kumpa mwenyekiti. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina kama gramu 20 za kilevi. Konyagi ni asilimia 35, kwa hiyo ile chupa kubwa moja ni sawa na bia kumi na nusu hivi, na waini ya asilimia 12 ni kama bia tatu na nusu. Mwili wa kawaida unaondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Aliyeanza saa 2 usiku akanywa bia nne tu, zile za kanuni yangu, pombe inamwisha kati ya saa 10 alfajiri na saa 1 asubuhi. Huyo saa 6 usiku anawasha gari kupandisha Marangu kwa kona zile, au anapitia Himo kwenda Rombo, na familia iko nyuma. Zile kreti 11 mlizookoa kutoka kwa mzee, uzeni mbili kichwani mkakodi Hiace mbili za kupeleka watu, dereva mnywa soda. Tangazeni kwenye ukumbi mapema, kabla MC hajalewa sifa.

Asubuhi yake, kabla pikapu ya wakala haijafika, hesabuni chupa tupu kwa aina: Kili ngapi, Safari ngapi, Serengeti ngapi, Castle Lite ngapi, soda ngapi. Andikeni na idadi ya watu waliofika. Karatasi hiyo mpeni anayeoa mwezi ujao kwenye ukoo, maana wajomba watakuwa wale wale.