Vyuo vya wenye ulemavu vyahitaji wafanyakazi, si majengo tu

Wahenga walinena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Usemi huu wafaa kukumbukwa kila tunapozungumzia mafunzo ya ufundi kwa watu wenye ulemavu. Serikali ya Kenya ilikubali wajibu huo zamani. Waraka wa Serikali nambari 5 wa mwaka 1968 ulifungua njia, na mwaka 1971 kikaanzishwa kituo cha Nairobi cha kuwafunza kazi za viwandani. Vyuo vingine vikaenea mashambani: Machakos, Embu, Kakamega, Bura na Kisii.

Majengo, basi, yapo. Swali ni hili: baada ya mwanafunzi kupokea cheti, nani humlea?

Tumfikirie kijana wa Manga, Nyamira, aliyepooza miguu. Amesomea ushonaji mjini Kisii, amefuzu na kurudi nyumbani. Manga ni nchi ya milima; njia hupanda na kushuka, na mvua inyeshapo utelezi humshinda hata mwenye miguu mizima. Cherehani ya kukanyaga haimfai mpaka irekebishwe iendeshwe kwa mkono. Mwenye duka sokoni hajapata kumwajiri mtu kama yeye, naye ana shaka. Mtu wa kuiondoa shaka hiyo si mwalimu wa ushonaji, kwani yeye yuko darasani na wanafunzi wapya. Ni afisa wa urekebishaji, ambaye kazi yake ni kumpima mtu uwezo, kumshauri, kumtafutia kazi na vifaa, kisha kumzuru mpaka asimame peke yake.

Sasa na tufanye hesabu ndogo, kama mfano wa darasani. Afisa mmoja amepewa watu 120. Mwezi una siku 20 hivi za kazi. Tukitoa 8 za ofisini na mikutano, zabaki 12. Katika milima kama ya Manga, akizuru nyumba 2 kwa siku amejitahidi. Hizo ni ziara 24 kwa mwezi, yaani kila mtu ataonwa mara moja katika miezi 5. Katika miezi hiyo cherehani imekwisha kuuzwa ili kulipa deni. Lakini afisa huyo huyo akipewa watu 40, kila mmoja ataonwa kabla ya miezi 2 kwisha. Bidii yake ni ile ile. Kilichopungua ni mzigo.

Wapo watakaosema kwamba hazina haina fedha za mishahara. Hoja hiyo ina uzito, ila haijakamilika. Kumfunza mtu kisha kumwacha nako ni gharama, tena gharama isiyo na mavuno. Shirika la Kazi Duniani liliona hivyo katika Mkataba wake nambari 159 wa mwaka 1983, ambao kifungu chake cha 9 chazitaka nchi ziwe na washauri na wafanyakazi waliofunzwa kwa kazi hii. Wenye kuhitaji huduma si wachache: sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wakenya zaidi ya 900,000 wenye ulemavu, wa umri wa miaka 5 na zaidi.

Walimu wanalijua jambo hili vyema. Afisa asipoonekana, mzazi humwendea mwalimu, naye mwalimu mwenye darasa lililojaa hugeuzwa mshauri, mkalimani wa lugha ya ishara na mtafuta kazi. Huko ni kuhamisha mzigo, si kuutua.

Ombi letu ni mambo matatu. Kwanza, iwekwe idadi ya juu ya watu anaoweza kukabidhiwa afisa mmoja. Pili, idadi hiyo izingatie milima na umbali, kwa maana Manga si Nairobi. Tatu, wenye ulemavu wenyewe waajiriwe katika kazi hii. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yataka hatua kwa hatua 5% ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma ziwe zao. Idara inayowahudumia ingefaa iwe ya kwanza kutoa mfano.

Nanyi wanafunzi mnaotafakari kazi za usoni, hii ni taaluma ya heshima inayongoja watu. Cheti bila mlezi ni karatasi.