Gome la Ubongo na Kumbukumbu za Bibi

Likizo ya Juni nilikwenda kwetu Gwarama, katika Wilaya ya Kakonko, ambayo kabla ya mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Kibondo. Nilimkuta bibi yangu uani akichambua maharage. Akaniuliza, "Wewe u mtoto wa nani?" Nikamjibu. Kabla jua halijatua aliniuliza tena mara tatu, na ile mara ya mwisho nilimjibu kwa ukali. Wengine nyumbani walisema anajifanya, na jirani mmoja alinong'ona kwamba amerogwa. Niliporudi shuleni nilimsimulia mwalimu wetu wa Biolojia, naye akanipa vitabu nisome. Niliyoyapata humo ndiyo ninayotaka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu.

Kwanza tuutazame ubongo wenyewe. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi. Sehemu yake kubwa imefunikwa na tabaka la nje, kama mti unavyofunikwa na gome, na kwa hiyo tabaka hilo huitwa gome la ubongo. Unene wake ni milimeta 2 mpaka 4 tu, lakini lina chembe za fahamu zipatazo bilioni 16. Limekunjwakunjwa kama shuka ndani ya sanduku la mwanafunzi. Lau lingekunjuliwa, lingekuwa na karibu nusu meta kila upande.

Gome hili lina pande mbili, wa kulia na wa kushoto, na kila upande una sehemu kuu nne. Sehemu ya kisogoni hupokea yale yaonwayo na macho. Sehemu ya utosini hupokea habari za ngozi, kama joto na maumivu. Sehemu ya panjani, karibu na masikio, hupokea sauti na husaidia kutambua nyuso na maana ya maneno. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso hupanga mashauri na kuviamuru viungo vitende.

Je, kumbukumbu huwekwa wapi? Wengi wetu hudhani lipo ghala moja kichwani. Sivyo. Nikikumbuka jioni moja jikoni kwetu, mwanga wa moto ni kazi ya kisogo, sauti ya bibi ni kazi ya panja, na joto la jiko ni kazi ya utosi. Kinachoviunganisha vyote ni kiungo kidogo kilichojificha ndani ya panja, kimoja kila upande, kiitwacho hipokampasi. Hicho ni kama karani. Jambo likitokea, yeye huandika ni chembe zipi za gome zilizofanya kazi pamoja, na baadaye huziamsha pamoja tena. Kila zinapoamshwa, njia baina yake huimarika, kama njia ya miguu inavyopanuka kwa kupitwa. Baada ya miaka mingi gome huweza kukumbuka mambo mengi bila kumtegemea sana karani.

Haya yalifahamika zaidi kwa ajili ya Mmarekani mmoja, Henry Molaison. Mwaka 1953 alipasuliwa ili aponywe kifafa, na sehemu kubwa ya hipokampasi zake zote mbili ikaondolewa. Tangu siku hiyo mpaka alipokufa mwaka 2008 hakuweza kushika habari mpya, ingawa mambo ya utoto wake aliyakumbuka. Mtaalamu Brenda Milner alimfundisha kuchora nyota akitazama katika kioo. Kila siku mkono wake ulizidi kuwa hodari, ijapokuwa yeye hakukumbuka kuwa amewahi kuichora. Basi ustadi wa mikono hutunzwa mahali pengine, hasa katika ubongo mdogo ulio nyuma na viini vilivyo ndani kabisa.

Niliposoma hayo nilimwona bibi yangu. Chakula cha mchana hakumbuki. Lakini jinsi alivyojitwika kinu miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika Vijiji vya Ujamaa, husimulia bila kukosea. Na asubuhi nilipoinama na kupiga makofi, kama ilivyo desturi ya Waha kumwamkia mzee, mikono yake iliitikia mara moja.

Mwalimu alimpigia baba simu, na bibi akapelekwa hospitali. Daktari alisema ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Chanzo chake kikubwa kwa wazee ni ugonjwa uitwao Alzheimer, ambao kwa kawaida huanza kwa kuharibu hipokampasi na sehemu za jirani yake. Wala si wa ukoo wetu tu. Katika uchunguzi wa wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ilionekana kuwa wazee wapatao 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa namna hii. Yafaa wazazi wampeleke mzee hospitali mapema, kwa kuwa usahaulifu mwingine huletwa na maradhi yanayotibika.

Nasi wanafunzi tuna la kujifunza, hasa sisi tunaongoja mtihani wa taifa. Karani wetu hufanya sehemu kubwa ya kazi yake tukiwa usingizini. Kwa hiyo anayekesha usiku kucha na daftari humnyima nafasi. Afadhali kusoma kidogo kila siku, kufunika kitabu, kujiuliza maswali, kisha kulala.

Likizo ijayo bibi akiniuliza mimi ni mtoto wa nani, nitamjibu kwa upole kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza, kwa maana kwake yeye ndiyo ya kwanza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne