Wageni wa Jiwe: Viumbe Wasioalikwa Kwenye Tangi la Maji ya Chumvi (Sehemu ya Tatu)

Wiki jana tulieleza kuwa jiwe linalowekwa kwenye tangi la samaki wa baharini ni mabaki ya matumbawe yaliyokufa, na kwamba bakteria waliomo matunduni mwake ndio wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti. Leo tuwatazame wakazi wengine wa jiwe hilo, wale ambao mwenye tangi huwafumania usiku kwa tochi akabaki kujiuliza: huyu naye katoka wapi?

Katoka mwambani. Anayetaka kumjua asingoje tangi. Wakati wa bamvua, maji yakikupwa, na ashuke Diani au Msambweni pamoja na wachokoaji wa pweza. Kwenye dimbwi ageuze jiwe moja taratibu. Atakuta viti vya pweza vya mikono myembamba vikikimbilia kivulini, kaa wadogo, na mnyoo mwekundu mwenye vishungi vyeupe mbavuni. Kisha alirudishe jiwe lilivyokuwa, maana wanaoishi upande wa chini hufa wakianikwa juani.

Mnyoo huyo huzua hofu kuliko anavyostahili. Vishungi vyake ni sindano ndogo zinazokatikia ngozini na kuwasha kama upupu, kwa hiyo usimshike. Lakini wengi wa jamii yake, hasa wadogo, hula masalio na mizoga. Tangi likiwakosa huchafuka upesi. Wa kuogopwa ni ndugu yake mkubwa, Eunice: mwili unaometameta rangi nyingi, vipapasio vitano kichwani, na mataya makali. Mwaka 2009, wahudumu wa Blue Reef Aquarium mjini Newquay, Uingereza, waliona matumbawe yakikatwakatwa na samaki wakijeruhiwa bila kumwona mhalifu. Walipoufumua mwamba wa tangini wakamkuta mmoja wa zaidi ya mita moja. Yaelekea aliingia angali mchanga.

Kaa nao wahukumiwe kwa umbo na makazi. Mwenye manyoya mwilini na magando ya ncha nyeusi, afadhali atolewe. Yule mdogo, laini, anayekaa kati ya matawi ya tumbawe hai ni Trapezia, mwache. Hula ute wa tumbawe, naye hulilinda kwa kuvibana viti vya pweza vya miiba vinavyokuja kulila.

Kome wa umbo la koni asiguswe kwa mkono mtupu, hata awe mzuri vipi. Conus geographus anapatikana katika Bahari ya Hindi, ana mshale wa sumu, na amewahi kuua watu.

Wapo wanaoshauri jiwe lichemshwe ili kuua kila kitu. Ni ushauri wa hatari. Baadhi ya wanyama laini wa jamii ya zoantidi, wanaotanda juu ya miamba, wana palitoksini, sumu isiyoharibiwa kwa urahisi na moto. Watu wamelazwa hospitali kwa kuvuta mvuke wake.

Wala jiwe lenyewe si la kuokota ovyo. Katika Hifadhi ya Bahari ya Kisite, karibu na Shimoni, hata kombe tupu haliruhusiwi kuchukuliwa, na matumbawe magumu yamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini.

Ukimkuta usiyemjua, mpige picha, mtenge katika chombo chenye maji yaleyale, kisha uulize wanaojua. Na ikiwa tangi lako lina viumbe wa kutoka nchi nyingine, usimwage hata mmoja baharini.