Kutoka Matairi ya Ranflati Kwenda ya Kawaida: Mambo ya Kujua Kabla ya Kubadilisha

Miongoni mwa malalamiko yanayoletwa kwetu kuhusu magari yaliyotumika, lipo moja linalojirudia kwa sura mbalimbali. Mtu ananunua gari dogo la Kijerumani katika yadi, anafungua buti na kukuta hakuna tairi la spea, hakuna jeki, wala spana ya magurudumu. Anapouliza anajibiwa kwamba gari la aina hiyo halihitaji spea, kwa kuwa matairi yake hutembea hata yakiishiwa upepo. Jibu hilo ni la kweli kwa gari kama lilivyotoka kiwandani. Siku anapopata pancha usiku, mahali ambapo barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi na ambapo hakuna mwenye akili timamu anayetamani kushuka garini, ndipo anapogundua kwamba mmiliki wa kwanza alikwisha kuyaondoa matairi hayo na kuweka ya kawaida. Spea hana, na matairi ya kumfikisha salama hana pia.

Kuyaacha matairi ya ranflati si kosa. Watu wengi wamefanya hivyo na wameridhika. Hatari ipo katika kubadilisha nusu: kuondoa kinga moja bila kuweka nyingine mahali pake, na kumwachia mtu mwingine gari hilo bila kumwambia. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuikamilisha kazi hiyo.

Ranflati ni tairi la namna gani

Katika tairi la kawaida kinachobeba gari ni upepo, na mpira ni chombo tu cha kuuhifadhi. Upepo ukitoka, ubavu wa tairi hukunjika, rimu huusaga mpira, na baada ya umbali mfupi tairi huwa halifai tena. Tairi la ranflati limeongezwa mpira mgumu unaostahimili joto katika mbavu zake, kiasi kwamba mbavu hizo zinaweza kulibeba gari kwa muda pasipo upepo. Muda huo una kikomo. Kwa kawaida watengenezaji huruhusu kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, na gari likijaza abiria na mizigo umbali huo hupungua.

BMW na MINI ndizo zilizoyaeneza zaidi matairi haya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na yamo pia katika baadhi ya magari ya Mercedes-Benz na Lexus. Kuyatambua hakuhitaji fundi. Chuchumaa usome ubavuni mwa tairi. Bridgestone huandika RFT, Michelin huandika ZP, Continental SSR, na Goodyear ROF. Yaliyotengenezwa kwa ajili ya Mercedes-Benz mara nyingi huwa na herufi MOE, na yale ya BMW huwa na herufi RSC ndani ya duara. Soma matairi yote manne, kila moja kwa zamu yake. Tumekwisha kuona gari lenye ranflati mbili mbele na mawili ya kawaida nyuma, na mwenye gari hana habari.

Kwa kuwa ranflati lisilo na upepo huonekana kwa macho sawa na lililojaa, gari linalotumia matairi haya huwekewa mfumo wa kumwonya dereva kwenye dashibodi. Mfumo huo una nafasi yake katika mjadala huu, nasi tutaurudia.

Kwa nini watu huyaacha, na kwa nini wengine wasiyaache

Sababu ya kwanza ni bei, kwani ranflati huuzwa ghali kuliko tairi la kawaida la kipimo kilekile. Ya pili ni ugumu. Ubavu usiokunjika hupeleka kila shimo moja kwa moja kwenye rimu na kwenye mgongo wa abiria, na katika barabara zenye mashimo makali rimu za aloi hupinda au kupasuka. Ya tatu ni kwamba ranflati lililokwisha kutembezwa bila upepo kwa kawaida haliruhusiwi kuzibwa na kurudishwa barabarani, kwa sababu uharibifu wa ndani ya mbavu hauonekani kwa nje. Msumari mmoja wa shilingi chache unaweza kukugharimu tairi zima.

Ya nne, ambayo kwetu ndiyo nzito zaidi, ni umbali. Kilomita 80 zilipangwa kwa mtu ambaye, baada ya kuzitembea, atakuta duka lenye tairi analolihitaji. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni karibu kilomita 190, na kutoka Morogoro hadi Dodoma ni takriban 260. Dereva wetu akipata pancha njiani atafika mji mdogo salama, atakuta fundi hodari wa pancha, lakini tairi la kipimo chake hatalikuta. Ranflati litakuwa limemfikisha nyumba ya wageni.

Hata hivyo hatumshauri kila mtu ayaondoe. Tairi likipasuka ghafla katika mwendo wa kasi, ranflati humsaidia dereva kulidhibiti gari. Na anayeendesha peke yake usiku mjini, katika mitaa ambako kusimama ni kujitafutia maafa, ananunua kitu cha thamani anaponunua uwezo wa kuendelea hadi nyumbani. Mtu wa namna hiyo, ikiwa mfuko wake unaruhusu na safari zake ni za mjini, ana sababu njema ya kubaki nayo.

Kuchagua matairi mapya

Anza na kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, pamoja na kitabu cha gari. Tuseme kimeandikwa 205/55 R16 91V. Tarakimu za mwanzo ni upana, kimo na ukubwa wa rimu, na fundi yeyote atazitazama. Zinazosahaulika ni za mwisho. Namba 91 inaonyesha uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, yaani kilogramu 615. Herufi V inaonyesha mwendo wa juu kabisa ambao tairi limejengwa kuuhimili, yaani kilomita 240 kwa saa. Utaambiwa kwamba hakuna anayekimbia hivyo hapa. Ni kweli, lakini herufi hiyo ni kipimo pia cha jinsi tairi linavyostahimili joto, nalo joto la lami ya saa nane mchana mnalijua. Usikubali tairi lenye namba ya uzito au herufi ya mwendo iliyo chini ya ile aliyoiweka mtengenezaji wa gari.

Tazama pia umri. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT pana tarakimu nne, ambazo ni juma na mwaka wa kutengenezwa. 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na nakshi nzuri na kung'aa kwa rangi ya dukani, kumbe limekaa stoo miaka mingi.

Badilisha matairi yote manne kwa pamoja. Ranflati na la kawaida hujibu usukani kwa namna tofauti, na kuyachanganya, hasa katika ekseli moja, hufanya gari lisitabirike katika kona na katika breki ya ghafla. Ikiwa fedha haitoshi kwa manne, subiri.

Rimu kwa kawaida hazihitaji kubadilishwa. Rimu zilizotengenezwa kwa ranflati, ambazo nyingi zina alama EH2, hupokea tairi la kawaida bila tatizo. Isipokuwa mfumo mmoja wa zamani wa Michelin uitwao PAX, uliotumika katika magari machache kama Honda Odyssey za soko la Marekani: rimu zake ni za umbo la pekee na hazipokei tairi jingine lolote. Mwenye gari hilo atalazimika kununua na rimu.

Kazi ya kuondoa ranflati ifanyiwe mashine. Mbavu zake ni ngumu, na fundi anayetumia vyuma vya mkono atachubua rimu au atavunja kihisio cha upepo kilichofungwa kwenye vali. Vihisio hivyo vibaki. Baadhi ya magari hayana vihisio ndani ya magurudumu, bali hupima upepo kwa kulinganisha mzunguko wa magurudumu. Kwa vyovyote vile, baada ya kufunga matairi mapya na kuyajaza upepo, mfumo lazima uanzishwe upya kwa kufuata kitabu cha gari, usije ukaonya ovyo au ukanyamaza wakati wa kuonya. Mtu asikushawishi kuuzima kwa hoja kwamba sasa huna ranflati. Tairi la kawaida linalopoteza upepo polepole ndilo linalouhitaji zaidi.

Kuhusu kiasi cha upepo, fuata kibandiko cha mlangoni, matairi yakiwa bado baridi. Ule mtindo wa kujaza magari yote kiasi kimoja kwa kukadiria hauna msingi wowote.

Spea: hapa ndipo kazi inapoachwa nusu

Gari lililotoka kiwandani na ranflati mara nyingi halina hata nafasi ya kuweka spea chini ya buti. Una njia tatu.

Ya kwanza ni gurudumu kamili la kipimo cha gari lako, likae ndani ya buti. Litakula nafasi ya mizigo, lakini kwa msafiri wa mikoani ndilo tunalolipendelea. Lifungwe kwa mkanda imara, maana gurudumu zito lililoachwa huru humrukia abiria gari linapogonga. Kabla ya kulinunua, soma matairi ya mbele na ya nyuma: magari mengi ya aina hii yana matairi mapana zaidi nyuma, na spea moja haitalingana na pande zote mbili. Ya pili ni spea nyembamba ya dharura iliyotengenezwa kwa modeli yako, ambayo huwa na kikomo chake cha mwendo kilichoandikwa ubavuni, mara nyingi kilomita 80 kwa saa. Hakikisha rimu yake inapita juu ya breki za gari lako, kwa kuwa modeli zenye injini kubwa huwa na breki kubwa.

Njia ya tatu ni chupa ya dawa ya kuzibia pamoja na pampu ya umeme. Inauzwa sana kwa kuwa ni nyepesi na rahisi, na wauzaji huisifu kupita kiasi. Dawa hiyo huziba tundu dogo, la takriban milimita 6, lililopo kwenye sehemu inayokanyaga barabara. Haizibi ubavu uliochanika, na ubavu kuchanwa na ukingo wa shimo ni jambo la kila siku kwetu. Ina tarehe ya mwisho wa matumizi pia. Kwa mizunguko ya mjini inaweza kutosha, ila kwa safari ndefu haitoshi.

Pamoja na spea nunua jeki inayolingana na sehemu za kunyanyulia za gari lako, spana ya magurudumu, na kama bolti zako zina kufuli, ule ufunguo wake mdogo ambao hupotea kuliko kitu chochote garini. Kisha, siku ya Jumamosi, badilisha gurudumu moja nyumbani kwako, mchana. Utagundua kinachokosekana kabla hakijakosekana njiani.

Kuzoea gari lako upya

Gari litakuwa laini zaidi, na usukani unaweza kuonekana mzito wa kuitika kidogo. Hilo hupotea akilini baada ya siku chache. Mazoea ambayo hayana budi kubadilika ni haya: taa ya upepo ikiwaka, huna tena kilomita 80. Punguza mwendo taratibu bila breki kali, toka barabarani kabisa, washa taa za hadhari na uweke pembetatu. Mwambie kila anayeliendesha gari hilo, akiwamo dereva wa kuajiriwa na kijana wa nyumbani, na ubandike karatasi fupi karibu na usukani.

Haki yako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza katika biashara mwenendo unaopotosha au kudanganya, au unaoelekea kufanya hivyo. Muuzaji anayekuambia kwamba gari halihitaji spea, huku akijua lina matairi ya kawaida, amekupotosha katika jambo linalogusa uhai wako. Kabla ya kulipa, muulize aina ya matairi yaliyopo na udai jibu liandikwe kwenye mkataba au risiti. Ukiwa wewe ndiye unayeuza, andika vivyo hivyo. Ijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi kwamba umebadilisha aina ya matairi, utunze nakala, ili suala hilo lisizuke mara ya kwanza siku ya kudai fidia.

Ukija kwetu na lalamiko, njoo na mkataba au risiti ya mauzo, nakala ya tangazo la gari ikiwa unayo, na picha za mbavu za matairi yote manne zinazoonyesha wazi herufi na tarakimu tulizozitaja. Picha hizo zipigwe kabla fundi hajagusa kitu chochote.