Kuelezwa ukweli kabla ya upasuaji humpunguzia mgonjwa maumivu

Anayesubiri kupasuliwa huogopa kisu, na huogopa zaidi saa ile nguvu za nusukaputi zitakapoisha. Kwa miaka mingi hofu hiyo imetibiwa kwa tembe ya kutuliza wasiwasi. Tafiti, hata hivyo, zinaonyesha kuwa maneno ya mhudumu yaweza kufaa kuliko tembe.

Mwaka wa 1964, Dkt Lawrence Egbert na wenzake wa hospitali kuu ya Massachusetts, mjini Boston, Marekani, walichapisha utafiti uliohusisha wagonjwa 97 waliopasuliwa tumbo. (Ni katika hospitali hiyo ambapo matumizi ya etha katika upasuaji yalionyeshwa hadharani mwaka wa 1846.) Wagonjwa 51 hawakuambiwa lolote na mtaalamu wa nusukaputi kuhusu maumivu yatakayofuata. Wale 46 waliosalia walielezwa bila kufichwa ni wapi wataumwa, kwa ukali gani na kwa muda gani. Aidha, walifunzwa kuvuta pumzi kwa utaratibu, kulegeza misuli ya tumbo, na kujigeuza kitandani kwa nguvu za mikono na miguu.

Waliofunzwa walihitaji takriban nusu tu ya dawa kali za maumivu walizopewa wenzao. Madaktari wa upasuaji, ambao hawakujua nani yuko kundi lipi, waliwaruhusu kwenda nyumbani siku 2.7 mapema kwa wastani.

Sababu si uganga. Anayeshtukizwa na maumivu hudhani mshono umefumuka. Hukaza misuli, misuli ikavuta kidonda, maumivu yakazidi na hofu ikaongezeka. Aliyeonywa mapema hulegea.

Ni kweli kwamba huo ulikuwa utafiti mdogo wa hospitali moja. Lakini kuhusu tembe, ushahidi ni mpana zaidi. Mwaka wa 2015, watafiti nchini Ufaransa walitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 1,062. Waliomeza lorazepamu kabla ya upasuaji hawakuridhika na huduma kuliko wasiomeza chochote. Isitoshe, walichukua dakika 17 kabla ya kutolewa mpira wa kupumulia, ilhali wenzao walichukua 12.

Nchini Kenya, anayetoa nusukaputi mara nyingi ni tabibu aliyesomea fani hiyo, naye huenda ana foleni ndefu siku hiyo. Si ajabu ziara yake wodini ikageuka kuwa ya kutiwa sahihi fomu tu. Mgonjwa ana haki ya kumuuliza: Nitaumwa wapi? Kwa siku ngapi? Nitapewa dawa gani, na nimwite nani usiku ikishindwa? Hata wale wa Boston waliendelea kudungwa dawa. Walihitaji kidogo, hawakunyimwa.