Hotteok: Mkate wa Korea Unaojitengenezea Shira

Majira ya baridi, halijoto ya mji wa Seoul katika Korea ya Kusini inaposhuka chini ya digrii 0 za Sentigredi, wauzaji wa barabarani huzungukwa na wateja wanaongojea mkate bapa, mtamu, utokao moja kwa moja kikaangoni. Mkate huo huitwa hotteok. Kwa nje hufanana na chapati nene yenye rangi ya dhahabu. Lakini ukitafunwa hutoa shira ya moto yenye harufu ya mdalasini. Aulaye kwa mara ya kwanza hujiuliza: shira hiyo ilitiwaje ndani bila kumwagika? Jibu ni kwamba haikutiwa. Kilichotiwa ni sukari kavu. Makala haya yanaeleza jinsi sukari hiyo inavyogeuka shira, na jinsi mtu mmoja awezavyo kujipikia mkate mmoja nyumbani.

Asili yake

Inaaminika kwamba mkate huu uliingia Korea pamoja na wafanyabiashara wa Kichina waliohamia huko mwishoni mwa karne ya 19, wakati ambapo bandari za nchi hiyo, kama Incheon mwaka 1883, zilikuwa zikifunguliwa kwa biashara ya nje. Wakorea waliupenda, wakaongeza sukari, mdalasini na karanga. Katika mji wa Busan huongezwa pia mbegu za alizeti na za maboga.

Vipimo vya mkate mmoja

Kwa kinyunya: unga wa ngano gramu 50, maji vuguvugu mililita 35, sukari kijiko kimoja cha chai, hamira kavu robo ya kijiko cha chai, na chumvi kidogo sana. Kwa kujaza ndani: sukari ya kahawia au sukari guru iliyokunwa gramu 12, karanga zilizokaangwa na kupondwa kijiko kimoja cha chai, mdalasini wa kusaga kidogo, na unga wa ngano nusu ya kijiko cha chai. Kwa kukaangia: mafuta kijiko kimoja cha mezani.

Yafaa mpishi afahamu kwamba kipimo kidogo hudai uangalifu mkubwa. Mwenye kupika mikate 10 kwa mililita 350 za maji, akizidisha mililita 5, kosa lake halifiki asilimia 2. Mwenye kupika mkate mmoja, kwa kosa lile lile, amezidisha zaidi ya asilimia 14, na kinyunya chake kitakuwa uji. Tena, kitu kidogo kina eneo kubwa la nje kulinganisha na ujazo wake: tufe lenye nusu ya kipenyo cha jingine lina uwiano wa eneo kwa ujazo ulio mara mbili. Kwa sababu hiyo kinyunya kidogo hupoa na kukauka upesi. Hapana budi kufunika bakuli vizuri na kuliweka mahali penye joto.

Kazi ya hamira

Hamira ni kuvu wa seli moja. Hula sukari na kutoa alkoholi pamoja na hewa ya kaboni dayoksaidi. Gramu 1 ya glukosi ikichachuka yote hutoa takriban mililita 270 za hewa hiyo katika halijoto ya digrii 27. Hewa hunaswa na utando wa gluteni, yaani protini za ngano zilizoshikana baada ya kulowana na kukorogwa, na hivyo kinyunya huumuka. Maji yasiwe ya moto mkali, kwani huiua hamira. Yawe vuguvugu tu kwa mkono. Baada ya saa moja hivi mahali penye joto, kinyunya huwa kimefikia karibu mara mbili ya ukubwa wake wa awali.

Kujaza na kukaanga

Kinyunya cha hotteok ni laini na hunata. Kwa hiyo mikono hupakwa mafuta kwanza. Kinyunya hutandazwa kiganjani, kikaachwa kinene katikati na chembamba pembeni. Mchanganyiko wa sukari huwekwa katikati, kisha kingo hukusanywa juu na kufinywa mpaka zishikane kabisa. Punje ya sukari ikibaki katika mshono, kingo hazitashikana, na shira itavujia kikaangoni na kuungua.

Mafuta yakisha kupata moto wa wastani, donge huwekwa mshono ukiwa chini, ili joto lianze kuufunga. Baada ya nusu dakika hivi hugeuzwa, kisha hukandamizwa polepole hadi liwe bapa. Wauzaji wa Korea hutumia chuma cha mviringo chenye mpini. Nyumbani, mwiko bapa uliopakwa mafuta hutosha. Upande uliotangulia kukaangwa umekwisha kuwa mkavu, hivyo haunati. Kila upande huachwa dakika 2 hivi hadi ugeuke rangi.

Sukari kavu hugeukaje shira?

Wengi hudhani sukari huyeyuka kwa joto la kikaango. Sivyo. Sukari kavu huyeyuka karibu na digrii 186, ilhali ndani ya mkate halijoto haizidi sana digrii 100 maadamu maji yangalipo. Kinachotokea ni kwamba sukari inafyonza maji ya kinyunya na kumumunyika humo. Katika digrii 100, gramu 100 za maji huweza kumumunyisha gramu 487 za sukari. Basi gramu 12 zinahitaji maji yasiyozidi gramu 2.5, na kinyunya kina gramu 35. Unga uliochanganywa na sukari nao una kazi yake: wanga wake huvimba na kuifanya shira iwe nzito, isitoke kwa kasi.

Tahadhari

Shira ni hatari kuliko maji ya moto. Ni nzito, hunata ngozini, na haidondoki upesi. Hivyo huendelea kuchoma. Mkate usitafunwe kabla ya kupoa kwa dakika chache. Mtu akiungua, sehemu hiyo ipozwe kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Isipakwe mafuta wala dawa ya meno.

Jaribio la darasani

Chukua neli mbili za majaribio zilizo kavu. Tia katika kila moja gramu 5 za sukari nyeupe. Katika neli ya pili ongeza mililita 2 za maji. Zitumbukize zote katika maji yanayochemka kwa dakika 10, ukiikoroga ile ya pili. Sukari ya neli ya kwanza itabaki punje. Ya pili itakuwa shira. Joto ni lile lile, sukari ni ile ile. Tofauti ni maji tu. Wanafunzi waulizwe: je, mkate ukikandwa kwa maji machache mno, ni nini kitakachoonekana ndani yake utakapokatwa?